Deni Lisilo na Lini: Ahadi za Mashirika ya Ndege na Maneno Tunayoyafasiri

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri kurasa nne za shirika moja la ndege. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa leo sikusudii kulishtaki shirika hilo bali kujishtaki mwenyewe. Kurasa zile zilieleza namna shirika lilivyojitolea kulinda tabianchi, na aliyenipa kazi, mwenye ofisi ndogo ya tafsiri, aliniomba jambo moja tu: Kiswahili kiwe kitamu. Nami nikakifanya kitamu. Nikatafuta maneno yenye mvuto, nikazipanga sentensi zikalingana urefu, nikaweka hata tashihisi mahali ambapo dunia "ilipumua". Kazi ikasifiwa, ujira ukalipwa, nikalala usingizi.

Leo nikizisoma tena kurasa hizo, naziona sentensi tatu ambazo hakuna awezaye kuzithibitisha wala kuzikanusha. Ya kwanza ilimwambia abiria kwamba safari yake ni "endelevu". Ya pili ilimwambia kwamba anaweza "kufidia" moshi wa safari hiyo kwa kuongeza fedha kidogo juu ya nauli. Ya tatu iliahidi kwamba shirika "litafikia sifuri" ifikapo mwaka 2050. Sikuongeza uongo wowote; nilifasiri nilichopewa. Lakini uaminifu kwa sentensi si lazima uwe uaminifu kwa msomaji, na hilo ndilo nitakalo tulijadili hapa, baina yetu sisi ambao maneno ndiyo kazi na mapenzi yetu.

Tuanze na moshi wenyewe, ili tujue tunazungumza juu ya nini. Injini za ndege za abiria huchoma mafuta ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa ambayo wengi wetu tulisomea vibatari vyake utotoni. Kila kilo 1 ya mafuta hayo ikiungua hutoa zaidi ya kilo 3 za hewa ukaa. Asiyejua kemia atashangaa kilo 1 inazaaje 3. Jibu ni kwamba kaboni iliyomo ndani ya mafuta huungana na oksijeni iliyoko angani, na oksijeni nayo ina uzito wake. Usafiri wa anga hutoa takriban asilimia 2.5 ya hewa ukaa inayotokana na matumizi ya nishati duniani, na juu ya hiyo kuna athari nyingine, kama ile mistari myeupe ya mawingu inayoachwa na ndege ikipita juu, ambayo nayo huzuia joto lisitoke. Asilimia 2.5 yaweza kuonekana ndogo. Haibaki ndogo mtu akikumbuka kwamba sehemu kubwa ya wanadamu haipandi ndege hata mara moja katika mwaka, lakini joto linalozalishwa halibagui aliyeruka na aliyebaki chini.

Jina la hewa hiyo katika lugha yetu lina jambo la kutafakari. "Ukaa" limechipuka katika shina lile lile la kaa la moto, na waliolibuni walifikiria makaa. Lakini mshairi hawezi kulisikia bila kusikia pia kitenzi "kaa", yaani kuketi, kubaki, kutoondoka. Hii si asili ya neno. Ni sadfa tu ya sauti. Hata hivyo ni sadfa yenye kweli ndani yake, maana hewa hii ikishatolewa hukaa. Sehemu yake humezwa na bahari na mimea, na sehemu nyingine hubaki angani kwa karne nyingi, hata baada ya wajukuu wa abiria kusahauliwa. Nitairejea kweli hii, kwa sababu ndiyo inayozipima ahadi zote zitakazofuata.

Sasa nieleze kilichonishtua. Tarehe 20 Machi 2024, Mahakama ya Wilaya ya Amsterdam ilitoa hukumu dhidi ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi. KLM si geni kwetu: ndege zake hutua Nairobi, Kilimanjaro, Dar es Salaam na Zanzibar, na kwa miaka mingi limekuwa na hisa katika Kenya Airways. Mwaka 2019, lilipotimiza miaka 100 tangu kuanzishwa, lilianza kampeni ya kuwaalika watu waruke kwa kuwajibika. Kwa haki yake niseme kwamba kampeni hiyo ilithubutu hata kumwuliza msafiri kama hangeweza kupanda treni. Lakini matangazo yaliyofuata yalimweleza abiria kwamba kwa mafuta mbadala na kwa upandaji miti yeye na shirika wangejenga pamoja mustakabali endelevu zaidi. Mwaka 2022 chama cha wanamazingira kiitwacho FossielVrij kililifikisha shirika hilo mahakamani, kikisema kwamba maneno hayo yanapotosha.

Mahakama ilichambua kauli 19, moja baada ya moja, kama mwalimu wa fasihi anavyochambua beti. Ikaona kwamba 15 kati yake zilikuwa za kupotosha. Baadhi zilitaja manufaa ya mazingira kwa ujumla tu, bila kusema ni manufaa gani wala yanapatikanaje. Nyingine zilipaka rangi ya kupendeza mno juu ya hatua ambazo kwa kweli hupunguza madhara kwa kiasi kidogo tu, na hivyo kumfanya abiria aamini kwamba kuruka na KLM ni jambo jema kwa mazingira. Shirika halikutozwa faini, wala halikukatazwa kutangaza safari zake. Kampeni yenyewe ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Liliambiwa tu kwamba likitaka kunena juu ya mazingira, linene kweli, na kwa ubayana.

Niliposoma habari za hukumu hiyo nilienda kuzifungua kurasa zangu nne. Ndipo nilipong'amua kwamba jaji wa Amsterdam alifanya kazi ambayo mimi, niliyejiita bingwa wa lugha, sikuifanya. Alilikamata kila neno akaliuliza: unasema nini hasa?

Basi nami niyaulize maneno yangu matatu, nikianza na "endelevu". Wanasarufi wanajua jinsi lilivyozaliwa. "Sikia" hutupa sikivu, "tulia" hutupa tulivu, "potea" hutupa potevu, na "endelea" hutupa endelevu. Kiambishi hicho hutaja hali ya kitu, lakini hakisemi chochote juu ya uzuri wa hali hiyo. Kilicho endelevu ni kinachoendelea, basi. Hata deni huendelea, hata ugonjwa huendelea. Tumelitwika neno hili mzigo mzito, kwamba liwe na maana ya kutumia mali ya dunia bila kuwanyima watakaokuja, nalo linaubeba pale tu msemaji anapotaja kinachoendelezwa na kinachotunzwa. "Uvuvi endelevu" una maana, kwa sababu naweza kumwuliza mvuvi wa Kilwa kama samaki wanaozaliwa wanalingana na wanaovuliwa. "Safari endelevu ya ndege" naiulizaje? Mafuta yaliyochomwa hayazaliwi upya, na hewa iliyotolewa inakaa. Kilicho endelevu hapo ni biashara pekee. Kwa maana hiyo niliyoikosa, tafsiri yangu ilikuwa sahihi kuliko nilivyodhani.

Neno hilo limepenya hata katika jina la mafuta. Mafuta mbadala ya ndege, yanayotengenezwa kwa mabaki ya mafuta ya kupikia, shahamu ya wanyama, mbegu na takataka nyingine, huitwa duniani kote mafuta endelevu. Jina limeshatoa hukumu kabla ya ushahidi. Kwenye injini mafuta haya hutoa hewa ukaa karibu sawa na yale ya kawaida. Nafuu yake iko kule yalikotoka, kwa kuwa mmea ulioyazaa ulikuwa umeivuta hewa hiyo kwanza. Nafuu hiyo yaweza kuwa kubwa, hata kufikia asilimia 80 kwa malighafi iliyo bora, na yaweza kuwa ndogo sana kama msitu ulikatwa ili mbegu ipandwe. Tena ni machache. Kwa hesabu za IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege yenyewe, mwaka 2024 yalikuwa asilimia 0.3 tu ya mafuta ya ndege yaliyozalishwa duniani. Ndiyo maana siku hizi mimi huandika "mafuta mbadala", kisha nataja yametengenezwa kwa kitu gani na yamechanganywa kwa kiasi gani. Sifa nawaachia wasomaji waitoe wenyewe.

Neno la pili ni "kufidia", na hapa ndipo aibu yangu ilipo kubwa zaidi, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenionya, nami sikusikia. Fidia katika lugha yetu ina sheria zake. Barabara ikipita katika shamba la mtu, fidia hulipwa yule aliyepoteza shamba, si jirani yake. Mateka akikombolewa, fidia humfungua yeye. Na katika mfungo wa Ramadhani, kama wajuavyo wasomaji wengi wa pwani, fidia ya chakula kwa maskini ni ya mzee au mgonjwa asiyetarajia kupata nguvu za kufunga. Haikuwekwa kwa kijana mwenye afya aseme, "Mimi nitakula mchana, nami nitalisha maskini, basi tumemalizana."

Tazama sasa fidia ya ndege. Anayelipa ni msafiri ambaye mara nyingi angeweza kupunguza, na shirika ambalo lingeweza kubadili. Anayelipwa si aliyedhurika. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia wakaona mifugo yao ikifa. Wanasayansi waliouchunguza ukame huo walieleza mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya uwezekano wake uwe mkubwa angalau mara 100. Sisemi kwamba ndege ndizo zilizouleta. Moshi wa dunia una mafundi wengi. Ninachosema ni kwamba mfugaji aliyepoteza ngamia wake hakupata hata senti moja ya ile "fidia" niliyomwandikia abiria. Fedha ilienda kwenye mti.

Na mti, kwa heshima zote tulizonazo kwa miti, ni mdhamini dhaifu. Hewa ya ndege hutoka leo, kwa saa chache. Mti huichukua polepole kwa miaka mingi, ikiwa utamea, ikiwa hautaungua, ikiwa hautakatwa na mtu anayetafuta kuni. Ukikatwa ukachomwa, kile ulichokitunza hurudi angani. Mkopo wa karne nyingi unawekewa rehani kitu kinachoweza kuondoka kwa shoka moja. Kupanda miti ni kheri, nasi tuendelee kupanda. Kosa ni kuuita upandaji huo ufutaji wa deni.

Neno la tatu ni "sifuri". Oktoba 2021, katika mkutano wa Boston, mashirika ya ndege yaliyo wanachama wa IATA yalipitisha azimio la kufikia sifuri ifikapo 2050, na mwaka 2022 nchi wanachama wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zikakubaliana juu ya lengo kama hilo. Sifuri inayokusudiwa si ile ya kutotoa moshi. Ni ile inayobaki baada ya kutoa na kujumlisha: tutatoa kiasi fulani, kitaondolewa kiasi hicho hicho mahali pengine, na karatasi itaonyesha sifuri. Wafasiri tumeiita "sifuri halisi". Neno halisi linaloficha hesabu! Mama lishe yeyote anayetumia simu kupokea fedha angetufundisha neno lililo bora: salio. Salio sifuri halimaanishi kwamba hakuna fedha iliyopita. Lamaanisha kwamba zilizoingia na zilizotoka zimelingana. Tungeandika "salio sifuri la hewa ukaa", kila msomaji angejua mara moja kwamba kuna daftari, na kwamba daftari lahitaji mkaguzi.

Washairi wenzangu, sisi tuna namna yetu ya kulielewa jambo hili. Katika tarbia tunahesabu mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa ukwapi na 8 kwa utao. Mtunzi akija na ukwapi wa mizani 6 kisha akasema, "Msihofu, katika ubeti wa ishirini nitaongeza mbili za kufidia," tutamcheka. Jumla ya shairi lake yaweza kuwa sahihi, lakini kila mshororo una haki yake, na sikio lililokwazwa leo haliponywi na ubeti wa kesho. Hewa nayo ina mshororo wake wa leo. Joto linalosababishwa na moshi wa mwaka huu hutenda kazi yake mwaka huu, na mwaka ujao, na kuendelea, ilhali mizani ya kufidia bado iko katika ubeti ambao haujatungwa.

Nimesema maneno matatu, lakini liko la nne ambalo si neno, ni silabi. Ni -ta-. Sarufi yetu ni tajiri wa nyakati: "tumepunguza" ni ushuhuda, "tunapunguza" ni kazi, "tutapunguza" ni ahadi. Nilipozihesabu sentensi za kurasa zangu nne, takriban zote zilizotaja upungufu wa moshi zilikuwa na -ta-, na zilizotaja ongezeko la safari zilikuwa na -me-. Pia niligundua kwamba pale ambapo mtendaji angelazimika kutajwa nilipendelea "utapungua" badala ya "tutaupunguza", kana kwamba moshi ungejipungukia wenyewe kama maji kupwa.

Ahadi ni deni, na wahenga hawakusema deni la nani atakapojisikia. Julai 2024, Air New Zealand ilitangaza kuliondoa lengo lake la 2030. Ilikuwa imeahidi kupunguza kwa asilimia 28.9 ukali wa hewa ukaa, yaani kiasi kinachotolewa kwa kila kipimo cha mzigo na umbali, ikilinganishwa na 2019. Ilieleza kwamba ndege mpya zenye kutumia mafuta kidogo zinachelewa kufika, na kwamba mafuta mbadala ni adimu na ghali. Walimwengu walilisuta shirika hilo, nami nilitaka kulisuta, kisha nikasita. Lilikuwa limetaja kiasi, likataja mwaka wa kulinganishia, likataja mwaka wa kufika; ndiyo sababu tuliweza kuliona linashindwa. Aliyeahidi mustakabali endelevu hatashindwa kamwe, kwa kuwa hakuna siku atakayodaiwa. Katika mambo haya anayeshindwa hadharani ni mkweli kuliko asiyeweza kushindwa.

Tena tulichunguze lengo lenyewe. Kupunguza moshi kwa kila abiria si kupunguza moshi. Hamali akipunguza mzigo wa kila safari kwa robo, kisha akaongeza safari mara mbili, mgongo wake jioni utamwambia hesabu ya kweli. Ndege za leo hakika hutumia mafuta kidogo kwa kila kiti kuliko zile za wazazi wetu, na wahandisi wanastahili pongezi. Lakini viti vimeongezeka kwa kasi zaidi, na mfasiri anayeandika "tumepunguza" bila kuandika "kwa kila kiti" amemvusha msomaji mto asiouona.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza ataniambia kwamba Afrika huruka kidogo na hutoa moshi kidogo, basi mzozo huu ni wa Wazungu. Ni kweli tunaruka kidogo. Ni kweli pia kwamba tunazihitaji ndege: watalii wanaokuja Zanzibar na Arusha, mgonjwa anayepelekwa India, mwanafunzi, ndugu walioko Muscat na Minneapolis wanaorudi kuzika wazazi wao. Simwambii mtu asisafiri kwenda kumzika mama yake. Lakini sisi si watazamaji. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikitumia mafuta yaliyochanganywa na mafuta mbadala kutoka Eni, kampuni ya nishati ya Italia, na kampuni hiyo hiyo ina kiwanda Makueni kinachokamua mbegu za mbarika, pamba na nyinginezo, ili mafuta yake yapelekwe katika mitambo yake Italia. Mkulima wa Makueni tayari yumo katika sentensi hii. Atahitaji kuielewa mikataba yake: kipi kinapandwa, katika ardhi ipi, badala ya chakula gani, kwa bei gani. Akiletewa karatasi iliyojaa "endelevu", ataweka sahihi juu ya ukungu.

Wa pili ataniambia kwamba mfasiri ni daraja, na daraja halimwulizi mpita njia amebeba nini. Hoja hii niliitumia mwenyewe kwa miaka, na nilipolipwa niliiamini zaidi. Lakini hata barabara zetu zina mizani. Lori linalotoka bandarini Dar es Salaam kuelekea bara husimama Vigwaza likapimwa, si kwa sababu dereva ni mwizi, bali kwa sababu uzito usiopimwa huvunja barabara ya wote. Lugha ni barabara ya wote. Neno likipita mara elfu bila kupimwa, huja siku ambapo anayelihitaji kwa jambo la kweli hulikuta limevunjika. Mtaalamu wa misitu anapotaka leo kusema "endelevu" kwa maana yake kamili, anamkuta msikilizaji amekwisha kupiga miayo.

Wa tatu ataniambia kwamba sheria zinakuja. Ni kweli. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo ya kisheria, yaliyopangwa kuanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, yatakayozuia bidhaa kutangazwa kuwa hazina athari kwa tabianchi kwa hoja ya kwamba moshi wake umefidiwa. Nafurahi. Lakini nauliza: sheria hiyo ikimlinda abiria wa Amsterdam dhidi ya sentensi ya Kiholanzi, ni nani atakayemlinda abiria wa Dar es Salaam dhidi ya sentensi ile ile kwa Kiswahili? Naogopa isije ikawa kwamba maneno yanayofukuzwa katika lugha moja yatahamia nyingine ambayo haina anayeyahoji. Lugha ambayo haijapata jaji wake haina budi kutegemea wafasiri na washairi wake.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni ndogo, nami nawapendekezea wenzangu. Nikiletewa ahadi ya tabianchi niifasiri, nauliza maswali manne kabla ya kushika kalamu: kiasi gani, tukilinganisha na mwaka upi, ifikapo lini, na nani atakayekagua? Jibu likiwamo katika maandishi ya asili, nalifasiri kwa furaha. Lisipokuwamo, namwandikia mwenye kazi na kumwuliza. Akikataa kujibu, nafasiri kwa neno lililo dogo kuliko yote yanayofaa: "linakusudia" badala ya "litahakikisha", "kuchangia upandaji wa miti" badala ya "kufidia", "mafuta mbadala" badala ya "mafuta endelevu". Sijapotosha kitu, nimekataa tu kupamba. Na kama hata hilo halitakiwi, kazi narudisha. Nimekwisha kurudisha moja, na sikufa njaa, ingawa mwezi ule ulikuwa mrefu.

Washairi nao wana sehemu yao. Tumetunga mengi juu ya uchafuzi, mara nyingi kwa kilio cha jumla: dunia inalia, mbingu zinalia, sisi tunalia. Kilio cha jumla ni ndugu wa ahadi ya jumla. Vyote viwili havina anayetajwa. Natamani tusome tungo zenye kiasi, mwaka na mtu ndani yake, zenye ukali wa mashairi ya malumbano ambayo wazee wetu walijibizana bila kumwacha mtu ajifiche nyuma ya neno tamu. Nami, ili nisiwe mwenye kuagiza asichokifanya, naacha ubeti mmoja:

Ndege yapaa hewani, moshi nyuma watanuka,
Mti wapandwa shambani, bado haujachipuka,
Wauliza ya mizani, wajibiwa: itashuka,
Deni lisilo na lini, kamwe halitalipika.

Mwezi uliopita nilimwandikia yule bwana wa ofisi ya tafsiri. Nilimweleza kwamba sentensi tatu katika kazi yangu ya zamani zilihitaji kusahihishwa, nikamtumia mapendekezo, nikamwambia sidai malipo. Alinijibu kwa adabu kwamba kurasa zile zimekwisha kuchapishwa na kusambazwa, na kwamba hakuna abiria hata mmoja aliyelalamika. Namwamini. Hakuna abiria angeweza kulalamika, kwa sababu niliziandika ili asipate pa kuzishika. Hilo ndilo deni langu, nami nimelitaja hapa pamoja na kiasi chake: sentensi tatu. Mnikague.